Suti Nyeupe ya Mshereheshaji

Foleni ya duka la dawa ilifika hadi mlangoni. Mfamasia aliinua macho kumwita mteja aliyefuata, akamkuta yule mshereheshaji aliyemwacha kwa ujumbe wa simu: "Umenenepa mno, tuishie hapa." Sasa shati lilimbana yeye. Manukato yake yalikuwa yaleyale, na moyo wa mfamasia ulimruka.

"Mpenzi, kumbe siku hizi uko hapa?"

"Nikusaidie nini?"

Akainama. "Dawa ya kupunguza unene. Jumamosi nina harusi ya kusherehesha, na suti yangu nyeupe imegoma kufunga."

Angeomba radhi pale pale, yangeisha. Lakini yeye alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati.

Mfamasia akashusha kopo. "Asili yake ni bakteria wa udongoni," alieleza kwa upole. "Wanatengeneza kitu kinachozuia kimeng'enya cha kusaga mafuta tumboni. Ukila mafuta, mwili hauyachukui."

"Kwa hiyo nile nitakavyo?"

Hapo ndipo alipopaswa kumwambia kwamba mafuta yasiyosagwa hutoka yalivyo, tena bila hodi.

"Tumbo ni lako," alisema.

Jumamosi mchana simu ya mfamasia ikaita.

"Nimejifungia chooni ukumbini. Nimekula nyama ya kukaanga, nikacheka kidogo tu... Suruali haitazamiki."

"Ile nyeupe?"

"Usinicheke, mama. Huko nje wananiita kwenye kipaza sauti." Kisha akauliza: "Ulijua?"

"Nilijua. Ukimeza hiyo dawa, usile vya mafuta. Sasa nimekuambia."

Mfamasia alifika ukumbini na suruali nyeusi ya kaka yake, gauni jekundu limemkaa mwilini bila kuficha kitu. Akagonga mlango wa choo.

"Nipitishie hapo chini, mpenzi."

"Niombe radhi kwanza."

"Samahani."

"Kwa lipi? Na sauti itoke, kama ya kazini."

Wageni waliokuwa wakinawa mikono wakafunga mabomba.

"Nilikudhalilisha kwa mwili wako," alisema. "Nikakosa hata ubavu wa kukuambia ana kwa ana. Nisamehe."

Suruali ikapita chini ya mlango.

"Nisubiri basi, nikutambulishe kwa watu."

Mfamasia alifuta machozi mbele ya kioo, akarekebisha wanja.

"Kukusamehe nimekusamehe," alisema. "Kusubiri, nitamsubiri mwingine."