Dumu la Bibi Hamisa

Akitoka shule, Nusaiba huvua sare, hula kiporo chake, kisha hukaa kwenye kigoda kufunga barafu za ubuyu. Mama yake, Munira, huziuza dirishani kwa watoto wa mtaa wao wa Goba, pale njia inapoanza kupanda kilima. Nusaiba aliipenda kazi hiyo, mpaka Ijumaa ile dumu lilipoingia ndani ya friji.

Lilikuwa dumu la plastiki la lita tatu lenye kifuniko chekundu. Ndani yake mlikuwa na mkojo wa bibi yake.

Bibi Hamisa alikuwa na saratani ya ovari, yaani vile viungo vinavyotunza mayai ya uzazi. Alikwisha kutundikiwa dripu za dawa mara tatu, na nywele zilikuwa zimemtoka zote, hadi nyusi. Nesi Sesilia wa hospitali alimwagiza akusanye mkojo wa siku nzima. Usimwagike hata tone, alisema, na ukae kwenye baridi.

"Humo humo kwenye barafu?" Nusaiba aliuliza, ameziba pua.

"Barafu nimezitoa, leo hatuuzi," mama alisema. "Friji ni moja, mwanangu. Mie natoka kidogo. Bibi akijisaidia kwenye kopo, wewe mimina humo, halafu funga vizuri."

Ah, kazi gani hiyo. Mkojo ulikuwa wa moto, mweusi kama chai ya rangi iliyochemka sana, na ulinuka dawa na kutu. Nusaiba alimimina huku amegeuza uso ukutani. Kifuniko alikigusa kwa ncha za vidole viwili tu, akakizungusha nusu, akakiacha.

Alasiri akaja Lusungu, anayesoma naye darasa la sita. Alipoambiwa barafu hakuna, hakuamini. Akapita mlangoni, akafungua friji mwenyewe.

"Makubwa. Na hii ladha gani?"

"Acha, ni ya bibi. Ya hospitali."

Lusungu alinusa, akaruka nyuma. "Mkojo! Kumbe sie miaka yote tunanyonya barafu za mkojo." Akatoka mbio kuwaambia wenzake, huku akitema mate njia nzima.

Nusaiba alitaka kulia. Akalitoa dumu aende akalifiche bafuni. Kwa kinyaa alilishika kwa vidole vile vile viwili, tena kwenye kifuniko. Kifuniko kikachomoka na dumu likaanguka. Mkojo ukamrukia miguuni, ukaingia katikati ya vidole. Akatapika pale pale, na harufu mbili zikachanganyika.

Alipiga deki, akanawa miguu kwa sabuni ya unga mara tatu. Kisha akalitazama dumu. Mkojo ulikuwa umebaki nusu. Alichota maji kwenye pipa kwa kata, akajazia mpaka pale ulipokuwa umefika, akalirudisha. Hakuna aliyemwona.

Usiku bibi alimtania kama kawaida yake. "Mke mwenzangu, mbona huli? Au umeukinai wali wangu?"

Kesho yake, Jumamosi, Nusaiba aliwasindikiza mama na bibi hospitali, mfuko wenye dumu mkononi. Nesi Sesilia alilipokea bila kukunja pua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hivi, mwanangu, huu uchafu mnautakia nini?"

"Kuna protini tunaitafuta humu. Uvimbe wako huitoa kwa wingi. Ikiwa imepungua, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, basi tunaendelea na dripu zile zile. Isipopungua, huenda uvimbe umeizoea dawa, na daktari atafikiria nyingine."

Bibi alishusha pumzi. "Mie nipeni jibu la kweli tu. Zile dripu zinanitapisha nyongo, mdomo wote vidonda. Kama hazinisaidii, mateso haya ya nini?"

Nusaiba aliliona lile dumu mezani, akajiona yeye ndiye mchafu kuliko kilichomo. Maji yake yangeipunguza ile protini. Bibi angeendelea kutapika bure, na uvimbe ukikua.

"Nesi, usiupime," alisema. "Nimeumwaga. Nimejazia maji."

Mama alifumba macho. Nesi Sesilia hakugomba. Aliumwaga ule wa kwanza, akatoa dumu jipya, akawaonyesha jinsi ya kufunga kifuniko mpaka kigome.

Jumapili walianza upya. Kinyaa hakikumtoka Nusaiba. Alimimina huku machozi yakimlenga, lakini safari hii hakumwaga hata tone.

Baada ya wiki mbili majibu yalitoka. Protini ilikuwa juu, na picha ya tumbo ilionyesha uvimbe haujanywea. Daktari akambadilishia bibi dawa.

Jioni hiyo bibi alimwita Nusaiba, akamkalisha kitandani.

"Kuona kinyaa si kosa," alisema. "Mie mwenyewe mwili huu unanitia kinyaa. Na kumwaga si kosa, vitu humwagika. Kosa lako lilikuwa ile kata ya maji. Ungenyamaza, daktari angeyaamini maji ya pipa, na mie ningeendelea kutiwa dawa isiyonifaa. Siku ukiharibu kitu, kiseme kingali kinatengenezeka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya. Nisogezee beseni, hii dawa mpya nayo inatapisha."