Sauti Iliyomcheka Nyanya

"Hebu mwangalieni huyu. Vita vimechacha, moto kila upande, alafu wametuletea shosho ameketi anafuma. Nguvu mbili. Wasee, huyu atatusaidia na nini?"

Sabah aliisikiliza video hiyo hadi mwisho, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Sauti aliijua vizuri. Ndiyo iliyokuwa ikimwita mpenzi kwa miaka miwili.

Alikuwa ameketi kitandani, nyumbani kwao Kianda, bado na nguo za jana. Binamu yake Jawahir alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Si huyo ni Nzuki wako?"

"Ndiye."

"Na huyo kwenye kadi si ni nyanya?"

"Ndiye."

Jawahir akaiweka chai chini. "Nzuki hajui ni nyanya, ama hajui ni wewe ulimchora?"

"Hajui yote mawili."

Nzuki alikuwa fundi wa simu Kawangware 56. Jioni alirekodi video kuhusu Milki, mchezo wa kadi za vita wa kwenye simu, ambao kila kadi ina namba ya nguvu yake, na wachezaji wengi wa Nairobi walimfuata. Sabah alikuwa mchoraji. Kampuni yenye mchezo ilikuwa imempa kazi ya kuchora kadi za toleo jipya, kwa mkataba uliomkataza kumwambia yeyote kabla hazijatoka. Alichora, akarudishiwa, akachora upya, mpaka macho yakawa yanamuwasha hata akiyafumba. Kadi moja aliichora akimtazama Bakhita, nyanya yake aliyemlea, akifuma tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi rangi ambacho Wanubi hawakosi nyumbani.

Kadi zilitoka Alhamisi asubuhi. Sabah alipanga kumwambia Nzuki jioni, uso kwa uso. Adhuhuri haijafika, video ilikuwa imeshasambaa.

Chini ya video watu walikuwa wamejaa.

"Nimecheza Milki tangu mwanzo. Leo nimeifuta."

"Kadi zangu za zamani zimeharibiwa zote, alafu naletewa shosho."

"Aliyechora hii alikuwa analala."

"Mimi naona ni nzuri, angalieni mikono." Huyo mmoja alijibiwa na watu wengi, na hakuna aliyemjibu kwa adabu.

Nzuki alikuwa ameshakata uso wa bibi yule na kuufanya stika, na chini yake ameandika: NISAIDIE NA NINI. Ilikuwa kwenye kila grupu.

Simu ikaita.

"Sasa, mpenzi," Nzuki alisema. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Umeona video? Imevuma vibaya."

"Nimeona."

"Sijalala manze. Watu wako na hasira na hii update, na nikitulia wanahama. Tangu waitangaze wiki hii, nimekuwa mtu wa kukasirika tu. Mpaka kichwa kinauma."

"Hiyo kadi uliiangalia vizuri?"

"Gani?"

"Ya bibi."

"Ya kuangalia ni nini? Nguvu mbili. Niliona mbili nikaanza kurekodi."

Maneno Sabah alikuwa nayo, ila kuyatoa kulihitaji nguvu, na nguvu hizo hakuwa nazo.

"Sabah? Jumamosi bado tuko? Nije kwenu?"

Safari hiyo walikuwa wameipanga kitambo. Nzuki alikuwa Mkamba wa Machakos, Mkristo, na kwao Sabah jambo kama hilo liliingizwa polepole, kwanza kwa nyanya, kisha kwa wajomba.

"Njoo," akasema.

Jumamosi Nzuki alikuja amevaa shati la kupigwa pasi, sukari na majani chai mkononi. Njia nzima kutoka stendi ya Olympic alikuwa akiirudia salamu. Jawahir alimfungulia mlango bila kutabasamu.

Sebuleni, juu ya mkeka, alikuwa ameketi mwanamke mzee, amejifunga gurbaba, vazi la Kinubi la maua, tabaga magotini, akiingiza ukindu mwekundu kwa sindano. Nzuki akamwona. Kwanza aliona shavu, lile kovu dogo chini ya jicho, lile la kwenye stika. Kisha mikono. Kisha akasahau salamu yote.

"Mgeni ameingia kimya hivyo?" Bakhita aliuliza. Macho yake yalikuwa na ukungu, alimtafuta kwa kugeuza sikio.

"Assalaam aleikum, nyanya."

Sindano ikasimama.

"Sema tena."

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Sasa sema, huyu atatusaidia na nini."

Nzuki akamtazama Sabah, aliyekuwa amesimama karibu na pazia. Sabah hakumsaidia.

"Macho yamechoka, masikio bado," Bakhita akasema. "Hiyo sauti yako watoto wa ploti wanaicheza tangu juzi. Nikipita kwenda chooni wananiuliza, nyanya, utatusaidia na nini. Nikadhani ni mchezo wao. Huyu Jawahir ndiye aliniambia niko kwenye simu."

"Nyanya, sikujua ni wewe."

"Kwa hivyo angekuwa nyanya ya mtu mwingine, sawa?"

Nzuki akaweka sukari na majani chai mkekani.

"Na hiyo nguvu mbili," Bakhita aliendelea. "Mbili kwa nini? Kuna ng'ombe kwenye huo mchezo?"

"Yuko, nyanya."

"Yeye amepewa ngapi?"

"Tano."

"Ng'ombe," Bakhita akasema, akarudi kwenye ufumaji wake. "Mpeni mgeni chai."

Hakuna aliyecheka. Nzuki aliinywa chai ile kama dawa, kisha akamfuata Sabah nje, pale nguo zilipokuwa zimeanikwa.

"Ni wewe ulichora," akasema.

"Ni mimi."

"Zote?"

"Zote mlizotukana."

"Sabah, kwa nini hukuniambia?"

"Mkataba. Alafu Alhamisi nilitaka nikuambie jioni. Hukungoja jioni."

"Na jana? Na leo asubuhi? Umeniacha nikaja mpaka mbele yake."

"Nilichoka kueleza, Nzuki. Nimeeleza kwa kampuni kwa nini bibi asiwe msichana. Nimeeleza kwa nini asishike panga. Wewe nilitaka uone mwenyewe. Mara moja tu, mtu aone bila mimi kueleza."

Nzuki aliangalia viatu vyake. "Nitaifuta sahii. Video na stika."

"Stika utaifuta kwa simu za watu wote?"

"Niambie basi nifanye nini."

"Sijui. Unajua kilichoniuma? Si nguvu mbili. Mchezo ni wenu, tukaneni. Lakini ulicheka uso wa mtu mzee sababu ulikuwa unataka watu wasihame. Nikajiuliza, siku nikizeeka mimi, na uko na watu wa kufurahisha, itakuwaje?"

"Usiseme hivyo."

"Nishasema."

"Nisamehe, Sabah."

Alimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, si kwa kulia. "Leo sina nguvu za kukusamehe. Nenda nyumbani."

Nzuki alirudi Kawangware. Jumapili akarekodi video nyingine. Sabah hakuifungua. Jawahir ndiye aliyemletea jikoni, akaishika simu mbele yake wakati mikono ya Sabah iko kwenye unga.

Nzuki hakuwa na makelele safari hii. Alikuwa amekaa tu.

"Kadi ya bibi bado ni dhaifu kucheza. Hilo silirudishi, na kama mnakasirika kuhusu kadi zenu za zamani, mko na haki. Lakini mimi sikuongelea mchezo. Nilicheka uso wa mtu. Huyo ni nyanya wa kweli, ako Nairobi hapa, na watoto wanamcheka njiani kwa sababu yangu. Nilimwangalia jana kwa mara ya kwanza. Mnaombwa mfute hiyo stika. Aliyemchora ni mtu wangu, alichora vizuri, na mimi ndio nilikuwa nimelala. Ni hayo tu."

Majibu hayakukawia.

"Buda amelamba asali ya kampuni, amelipwa."

"Kumbe yote ni mapenzi."

"Rudi kwa ufundi wa simu, tunahama."

Na walihama kweli. Jawahir alisoma mengi, akachoka, akaizima.

"Amekutumia hii?"

"Hajanitumia kitu," Sabah alisema. Akaendelea kukanda unga, kisha akasita, mikono ikiwa bado ndani. "Amesema bado ni dhaifu."

"Amesema."

"Nzuki ni mjinga," akasema, lakini aliisema taratibu.

Jumatatu adhuhuri Sabah alishukia stendi ya 56, akapita katikati ya saluni na maduka ya misumari, mpaka kibandani kwa Nzuki. Nzuki alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa. Alipomwona, aliondoa mkono haraka, skrubu ikaanguka.

"Keti," akasema, akafuta benchi kwa kitambaa.

Sabah akaketi.

"Ungedanganya kidogo," Sabah akasema. "Ungesema kadi ina nguvu."

"Ungejua nimedanganya."

"Ningejua."

"Nguvu si wewe ulimwekea?"

"Mimi nachora tu. Namba wanaweka wengine. Hata mimi nilishtuka na hiyo ng'ombe."

Nzuki akacheka kidogo, akaacha. "Nyanya anasemaje?"

"Anasema sukari ulileta ni kidogo. Kwa nyanya hiyo ni kusema urudi."

"Na wewe?"

Sabah aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa mabati. "Kampuni imeandika. Wanataka nichore toleo lijalo. Sijawajibu."

"Ukikubali, mimi sitazigusa hizo kadi kwa chaneli."

"Utazigusa. Kama ni mbaya utasema ni mbaya. Lakini mimi utaniambia kwanza, ukiwa umekaa hivi, tunaonana."

"Sawa."

"Na kwa wajomba usianze kuchekesha watu. Jibu unachoulizwa. Dini watauliza."

"Nitajibu."

"Watakuuliza mara nyingi."

"Nitajibu mara nyingi, Sabah."

Sabah akaitika kwa kichwa. Nzuki aliinama kutafuta skrubu yake kwenye vumbi, na alipoinuka alikuta Sabah amefumba macho, mdomo umelegea, pumzi inapanda na kushuka pole. Kelele zote za stendi hazikumfikia. Simu ya Nzuki ikaanza kutetemeka mezani, maoni mapya, matusi mapya. Akaizima kabisa.

Mteja akafika, ameshika simu iliyopasuka kioo. "Fundi, niaje. Hii itachukua muda gani?"

Nzuki akaweka kidole mdomoni.

"Pitia baadaye, tafadhali," akanong'ona. "Bibi yangu amelala."