Mzingo wa Pipa

Kila asubuhi, kabla ya kengele kugongwa, wanafunzi wa darasa la sita walipanga foleni kwenye pipa la maji nyuma ya darasa lao, kila mmoja na kikombe chake. Pipa lile halikuwa na mfuniko. Majani yalidondoka ndani, mende nao hawakubaki nyuma, na haikupita wiki bila mtoto fulani kushika tumbo na kurudishwa nyumbani. Mzazi mmoja alipopata habari hizo akatoa bati zuri, na fundi wa kuchomelea mwenye karakana ng'ambo ya barabara akajitolea kutengeneza mfuniko.

Mwalimu wa hisabati, mama mwembamba asiyependa kitu kipotee bure, akaona hapo pana somo. Alimwomba fundi asije kupima, vipimo angeletewa na watoto. Fundi alicheka, akasema haya, atakata kama atakavyoambiwa.

Siku ya somo darasa liligeuka duka la vyombo. Palikuwa na sufuria, ndoo, sahani na bakuli, na kila wanafunzi wawili walipewa chombo chao na kipande cha uzi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: zungusha uzi kwenye chombo upate mzingo, pima upana kupitia katikati upate kipenyo, kisha gawanya mzingo kwa kipenyo. Jibu litakuwaje, mwalimu hakusema. Alitaka waligundue wenyewe kwa mikono yao.

Sasa kulikuwa na msichana mmoja aliyelijua jibu kabla ya uzi kukatwa. Wenzake walimwita Kalkuleta, kwa kuwa hesabu za kichwa kwake zilikuwa kama kumenya karanga. Dada yake wa sekondari alishamnong'oneza kwamba duara lolote lile, dogo kwa kubwa, jibu ni karibu na 3.14. Mwenzake wa dawati alikuwa binti wa fundi cherehani, ambaye darasa zima lilimwita Kobe. Huyo hakuwa na haraka na jambo lolote, hata chafya yake ilichukua muda kutoka.

Hao wawili ndio waliopewa pipa. Kobe alipima kipenyo, akarudia, akarudia tena mpaka Kalkuleta akaanza kupiga miayo. Kila mara alipata sentimita 56. Aliiandika, kisha akaenda kurudisha rula ya mita iliyokuwa ikisubiriwa na wenzao.

Kalkuleta alibaki peke yake na uzi. Pipa lilizungukwa na matope, na viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi ile ile. Akajiuliza kuna haja gani ya kukanyaga matope kutafuta kitu anachokijua. Alizidisha 56 kwa 3.14 kichwani, akaandika mzingo ni 176, akauviringa uzi mkavu mfukoni.

Kobe aliporudi alikuta kazi imekwisha.

"Umezungusha peke yako?" aliuliza.

"Kwani pipa linauma?" Kalkuleta akajibu.

Ubaoni majibu yalikuja ya kila namna. Wa sufuria walipata 3.2, wa ndoo 3.1, wa sahani 3.16. Wa pipa walipata 3.14 kamili. Mwalimu aliomba wapigiwe makofi, na Kalkuleta akapokea sifa zile kifua mbele, wala hakuona haya hata kidogo. Haya ilikuwa njiani inakuja.

Ilifika pamoja na fundi, aliyekuwa amepelekewa karatasi ya vipimo vya pipa. Alikuja na mfuniko wake begani, unang'aa, watoto wakakusanyika kutazama. Akauweka juu ya pipa. Mfuniko ukagoma. Akaugeuza, akaubana kwa magoti, ukagoma vilevile. Mwisho akatoa futi yake, akapima upana pale alipokuwa amesimama, akapata 62.

"Karatasi yenu inasema hamsini na sita," alisema, akimtazama mwalimu kwa huruma.

Watoto hawakungoja. Aliyepima kipenyo si Kobe? Ni Kobe! Bati zima limeharibiwa na Kobe! Mwalimu aliwanyamazisha, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akawageukia wale wasichana wawili na kuuliza kama kuna mwenye neno. Kalkuleta aliinamia viatu vyake. Alijua hasa ni nini alichotakiwa kusema, na hakukisema.

"Labda ni mimi, mwalimu," Kobe alisema kwa sauti ndogo. "Labda sijui kupima."

Fundi akabeba mfuniko wake, akarudi karakana. Pipa likabaki wazi.

Tangu siku hiyo nafsi ya Kalkuleta ilimsuta bila kumpa nafasi ya kupumua. Nyumbani alisukuma sahani pembeni, mama yake alipomuuliza akasingizia tumbo. Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Wenzake walipomtania Kobe kwamba akashone vishikizo, aachane na namba, Kalkuleta alijitia hamnazo, akapekua begi lake kana kwamba amepoteza kitu. Aliona mtoto wa darasa la kwanza akitoa mende kwa kidole ndani ya kikombe na kuendelea kunywa. Akageuza uso. Kila siku alijiambia kesho nitasema, na kesho ilipofika akaisogeza mbele tena. Ajabu ni kwamba, kwa alivyoona yeye, hakuna aliyemshuku hata mmoja, na hilo ndilo lililomuumiza.

Kobe naye aliacha kunyoosha mkono darasani. Halafu siku moja wakati wa mapumziko akamfuata Kalkuleta, mkononi ana uzi na rula.

"Nifundishe kupima," alisema. "Nimepima dawati letu tangu asubuhi na kila mara napata jibu lile lile, lakini sasa sijiamini. Wewe hukosei. Nikikosea nipige hata kofi, sitakasirika."

Kalkuleta aliutazama ule uzi. Akaanza kulia mbele ya watu wote.

"Hukukosea," alisema. "Mimi ndiye sikupima. Niliandika tu."

Kobe hakupiga kelele. Aliukunja uzi wake polepole, kama alivyofanya mambo yake yote.

"Siku zote hizo ulikuwa unajua," alisema, "ukaniacha?"

Kalkuleta alikwenda ofisini kwa walimu, akaeleza yote bila kubakiza. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaliita darasa zima pipani.

Alimkabidhi Kobe rula. Kobe akapima upande aliopima mwanzo: 56. Akahamia upande aliosimama fundi: 62. Watoto wakatazamana. Pipa halikuwa duara kamili. Liliwahi kuanguka kutoka kwenye mkokoteni, likabonyea kidogo tu, kiasi kwamba jicho halikuona. Zamu ya uzi ilipofika, Kobe akampa Kalkuleta.

"Leo zunguka wewe. Viatu utapiga rangi tena."

Kalkuleta alikanyaga matope mpaka kwenye vifundo, hakuna aliyemcheka. Mzingo ulikuwa 185. Walipougawanya kwa 56, jibu likaja 3.3.

"Mngeniletea hiyo siku ile," mwalimu alisema, "ningeuliza mbona pipa haliko sawa na wenzake, na tungeligundua kabla bati halijakatwa. Jibu baya lililopimwa lingetuokoa. Jibu zuri la kubuni ndilo lililotuponza. Nami nina kosa langu. Niliona namba zile zimepatana mno, nikasema nimngoje mwenyewe aje aseme. Nilipokuwa nangoja, aliyeumia ni Kobe. Mwanangu, nisamehe."

Fundi aliunga kipande kwenye bati lile lile, akafuata vipimo vipya, na mfuniko ukakaa. Watoto walishangilia. Kalkuleta hakushangilia. Alimwendea Kobe mbele ya darasa zima, akamwomba radhi. Kobe akasema amesikia, lakini bado roho inamuuma.

Kalkuleta alimgeukia mwalimu, macho yakiuliza afanye nini zaidi. Mwalimu akamwekea mkono begani.

"Bati ukilikata vibaya, mwanangu, fundi ataliunga kwa siku moja. Mwenzako umemfanya ajione mjinga, na hilo hakuna fundi wa kuliunga ila wewe. Kesho kaa naye, na kesho kutwa, na umweleze kila anayemtania ukweli ulivyokuwa. Usiwe na haraka. Kazi hiyo haina njia ya mkato."