Kiti Kilichokaliwa na Picha

Nyumbani kwetu tunakula chini. Tunatandika mkeka, tunaweka kitambaa kirefu, kisha majimbi, samaki na mboga ya majani kwa tui la nazi. Baba mkwe wangu, mzee Emori, hukaa kule mwisho, upande wa heshima. Ukipita karibu naye, unainama na kusema, "Tulou." Ndivyo tunavyoomba radhi. Hakuna anayekaa juu kuliko kichwa cha mzee.

Mimi naitwa Vilimaina. Binti yangu Mereoni ana miaka mitatu, na ana mtindio wa ubongo. Shingo na mgongo wake ni dhaifu. Nilikuwa nikimlisha amelala mapajani mwangu, uso juu. Kila tonge lilikuja na kikohozi chake. Mara mbili alilazwa kwa nimonia.

Kila mwezi Praveena, mtaalamu wa tiba ya viungo, huja kwenye zahanati yetu kutoka mjini Labasa. Siku moja alituletea kiti cha mbao cha Mereoni. Kilikuwa na mikanda na mahali pa kuegemeza kichwa.

"Akila, akae humu, mama Mereoni," alisema. "Mgongo wima, kidevu kiiname kidogo. Akila amelala, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Nimonia inaanzia hapo."

"Ndiyo, dada. Asante sana."

Nyumbani nikamkalisha. Kichwa chake kikapita mahali ambapo kichwa cha mzee hufika, tena kwa shubiri nzima. Nikamtoa haraka kabla mzee hajaingia. Kiti nikakisukuma pembeni, nikakifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na juu yake nikaweka picha ya harusi yetu. Picha ilikaa vizuri mno. Ilikosa kufungwa mikanda tu.

Kila mwezi Praveena aliniuliza, "Kiti mnakitumia?"

"Ndiyo, kila siku."

"Anakaa vizuri?"

"Vizuri sana."

Ningemwambia nini? Alikuwa amehangaika kwa ajili yetu. Niliona kumwambia hapana ni kumvunjia heshima. Basi nikamdanganya kwa adabu zote.

Miezi minne baadaye, nimonia ikarudi kwa mara ya tatu, Mereoni akalazwa hospitali. Praveena alikuja wodini akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Mereoni, nimewaza sana," alisema. "Miezi minne anakula kwenye kiti, na bado chakula kinapita njia isiyo yake. Kwa hiyo kiti hakitoshi. Nataka kuongea na madaktari wampeleke hospitali kubwa ya Suva, awekewe mrija wa chakula tumboni. Ni operesheni. Mrija husaidia watoto wengi, usiogope. Una swali?"

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Binti yangu apasuliwe kwa sababu ya uongo wangu?

"Dada," nikasema, "hajawahi kukikalia."

"Nini?"

"Kile kiti. Kinakaliwa na picha."

Nikamweleza yote, kisha nikainamisha kichwa nikisubiri kugombezwa. Praveena alivuta pumzi ndefu. Halafu akacheka mpaka nesi akageuka.

"Kumbe picha ndiyo iliyokuwa inakaa vizuri sana!" Akajifuta macho. "Lakini na mimi nina kosa. Nimezaliwa hapahapa, tulou naijua tangu utotoni. Ila kwetu tunakula mezani. Sikukuuliza nyinyi mnakulaje. Niliuliza swali la ndiyo, ukanipa ndiyo."

"Nilidhani utakasirika."

"Mimi namwona Mereoni saa moja kwa mwezi. Wewe unaye kila siku. Jambo likishindikana, hilo ndilo uniambie kwanza. Usione aibu. Usiponiambia, nitatibu tatizo ambalo halipo. Sasa nitawaomba madaktari tujaribu kiti kwanza, safari hii kwa kweli."

Madaktari wakakubali. Nililia palepale, mzigo umenishuka.

Juma lililofuata, Praveena alikuja nyumbani akaketi mkekani. Nikamweleza mzee Emori mambo ya kiti.

"Nani amesema nimekataa?" mzee akauliza.

"Hakuna, baba."

"Mbona hamkuniuliza? Miezi minne natazamishwa harusi yenu, nikadhani ndiyo mitindo! Leteni msumeno."

"Ngoja, babu!" Praveena akadakia. "Usikate kabla sijapima."

Alimkalisha Mereoni mkekani, miguu imenyooka mbele, kama atakavyokaa kiti kikikatwa. Akaangalia mgongo, nyonga na magoti. Alipoona amekaa sawa, akachora mistari kwenye kiti kwa penseli. Mzee akakata miguu yote minne ya kiti mwenyewe, na kichwa cha Mereoni hakikupita tena chake.

Siku hizi Mereoni anakula akiwa wima. Nampa kijiko kidogo, nangoja ameze, ndipo nampa kingine. Akimaliza simlazi mpaka nusu saa ipite. Kuna daftari pia. Praveena aliniambia niandike humo kilichofaa na kilichoshindikana. Akija, anaanza kusoma kilichoshindikana, na hajanuna hata siku moja.

Miezi sita imepita hatujalala hospitali. Habari za mrija hazizungumzwi tena. Nina furaha, sifichi.

Jana jioni Mereoni aliketi kwenye kiti chake kando ya babu yake. Mzee akataka chumvi. Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake, akainama kidogo, akasema, "Tulou, bibi mdogo."

Mereoni akaangua kicheko, mdomo umejaa majimbi. Sote tukabaki na matonge mkononi, tukisubiri kikohozi. Akameza. Kisha akafungua mdomo tena, akingoja kijiko.