Traki ya Anti Lois

Chepkemoi alishuka kwenye basi la shule, akapanda ngazi hadi nyumbani kwao Columbia Heights, Marekani, akapasha moto chapati za jana na kuketi mezani na hesabu zake. Ndivyo alivyofanya kila siku. Lakini wiki hiyo hesabu zilikuwa hazimalizwi. Kabla hajaandika jibu la kwanza, simu ya mama yake ililia, na kila aliyepiga alimtaka yeye, si mama.

Chanzo cha kero hiyo kilikuwa kwaya ya kanisa lao. Waimbaji wengi walikuwa wauguzi na watunzaji wa wazee, huyu hospitalini Saint Paul, yule kwenye nyumba ya wazee kule Anoka, mmoja zamu ya mchana na mwenzake zamu ya usiku. Kuwakusanya wote mahali pamoja kulishindikana hata Krismasi. Basi kila mmoja alikuja kwa wakati wake, akaingia kwenye kabati la nguo la akina Chepkemoi, akasimama katikati ya makoti ya baridi ili mwangwi umezwe, akavaa hedifoni na kuimba peke yake. Aliyewarekodi ni Chepkemoi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, lakini alikuwa amejifunza programu ya kurekodi kwenye klabu ya muziki shuleni. Kwenye skrini kila sauti ilipata mstari wake, unaoitwa traki. Kila traki ilikuwa na kitufe cha kuipandisha na kuishusha, na kingine cha kuizima kabisa.

Wimbo wenyewe haukuwa wa mchezo. Mama mzazi wa Anti Lois, mmoja wa waimbaji, alikuwa amefariki nyumbani kwao Nyamira, na mazishi yalikuwa Ijumaa. Anti Lois hakuweza kusafiri. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa hazijakamilika, na kama angetoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo kwaya ilifanya kama ilivyozoea mwenzao anapofiwa akiwa mbali: walirekodi wimbo ili utumwe nyumbani, upigwe kwenye spika mbele ya waombolezaji.

Chepkemoi alikuwa ameweka wimbo wa majaribio kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na hilo ndilo lililomponza. Mama Perpétue, Mkongo mwenye sauti nene, alilalamika kwamba hajisikii hata kidogo. Mzee Solomon alisema besi ndiyo msingi wa nyumba, na nyumba hii imejengwa hewani. Njeri alipiga simu kuomba aongezwe kidogo, kisha akapiga tena kusema kile kidogo hakikutosha. Penye wengi pana mengi. Hakuna aliyeusikiliza wimbo. Kila mtu alijisikiliza yeye tu, kama anayetazama picha ya harusi na kutafuta kofia yake mwenyewe.

Chepkemoi alichoka kubishana. Aliyesema aongezwe alimwongeza, na mwenzake aliposema amefunikwa, naye akamwongeza. Taa ndogo za kila traki zikawaka nyekundu, dalili kwamba sauti zimezidi kipimo.

Jumatano alasiri mwalimu wa kwaya, Mwalimu Eliakim, alipita kusikiliza kabla ya kwenda kazini. Hakufika hata kwenye kiitikio, akavua hedifoni.

"Hii ni kwaya au mashine ya kusaga unga?" aliuliza.

"Mwalimu, wao ndio waliotaka niwaongeze."

"Na wakikuambia utie chumvi kopo zima, utatia?"

Alimwagiza autengeneze upya jioni hiyohiyo, kwa sababu Nyamira ilikuwa mbele kwa saa nyingi na kaka yake Anti Lois alikuwa anausubiri. Kisha akaondoka akitikisa kichwa na kuwalaumu watu wazima wanaogombania sauti kama watoto wanaogombania biskuti.

Chepkemoi alishusha traki zote kidogo, na mngurumo ukaisha. Sasa ikabaki kero moja, traki ya Anti Lois. Katika ubeti wa pili sauti yake ilikuwa imepasuka. Ilitetemeka, ikakatika, ikavuta pumzi nzito, ndipo ikaendelea. Siku ya kurekodi Chepkemoi alikuwa amemwomba arudie, naye alikataa. Alisema akirudia hatafika mwisho, wauache hivyohivyo.

Chepkemoi alijaribu kuipunguza pale ilipopasuka, lakini kwikwi ya kilio bado ilisikika. Alijaribu kuikata, wimbo ukaruka. Hesabu zake zilikuwa hazijaguswa na chapati ilikuwa imekauka. Kwa hasira alibonyeza kitufe cha kuizima. Mara wimbo ukawa laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akajisikia kama mtu aliyetua mzigo.

Aliutuma kwa Mwalimu Eliakim. Mwalimu alipiga simu akiwa amefurahi, akauliza kama sauti zote zimo.

"Zote zimo," Chepkemoi alijibu. Mwalimu akautuma Nyamira papo hapo.

Muda mfupi baadaye Anti Lois mwenyewe alibisha hodi, amevaa sare yake ya kazi, akielekea zamu. Alisema hawezi kuingia kazini kabla ya kuusikia. Mama yake Chepkemoi alimwekea chai, naye akavaa hedifoni akafumba macho. Wimbo ulipoisha alifumbua macho.

"Mzuri sana, mwanangu. Lakini mimi niko wapi?"

"Upo, Anti. Umechanganyika na wenzako."

Anti Lois aliomba ausikilize tena. Safari hii aliinama na kuzikandamiza hedifoni kwa mikono miwili, na midomo yake ikafuata maneno ili aone ni wapi atajikuta. Hakujikuta.

"Labda ni masikio yangu," alisema. "Nimelala kidogo sana wiki hii. Miaka yote hii mama amenisikia kwa simu tu. Nilitaka Ijumaa anisikie mara ya mwisho. Hebu niwekee tena."

Chepkemoi alinyoosha mkono, lakini hakubonyeza. Aliona aibu. Akasema, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa sababu mama yake alikuwa anamkazia macho, kwamba Anti Lois hayumo. Alikuwa amemzima kwa sababu ya kulia, na yeye ndiye aliyemdanganya kila aliyemuuliza.

Mama yake aliweka birika chini kwa kishindo. Alimuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kumwondoa mtu kwenye maziko ya mama yake. Anti Lois hakugomba. Alivua hedifoni, akaangalia saa, akasema lazima aende kazini, na chai akaiacha.

Hapo ndipo Chepkemoi alipolia. Mama yake alimpa kitambaa, kisha akampa simu. Mwalimu Eliakim aliposikia alimwambia amwandikie mwenyewe kaka yake Anti Lois kwamba wimbo ule usipigwe, na kwamba mwingine unakuja.

Chepkemoi aliandika, kisha akaiwasha tena traki ile. Anti Lois alikuwepo lakini amefunikwa. Alipompandisha, taa nyekundu zikarudi na mngurumo nao. Alitazama skrini hadi akaelewa. Siku zote hizo alikuwa amepandisha tu, na juu hakukubaki nafasi. Ili mmoja asikike, wengine walipaswa kushuka.

"Safari hii utawaambia kwanza," mama yake alisema.

Basi aliwapigia mmoja mmoja, akaeleza alichofanya na anachotaka kufanya. Njeri aliguna, akakubali. Mzee Solomon alisema ashushwe, ila asizimwe. Mama Perpétue alisema, "Nishushe mpaka chini kabisa, ma fille, binti yangu. Yule ndiye aliyefiwa, si mimi." Wimbo wa pili ulitumwa jioni hiyohiyo, na kwikwi ilikuwa ndani yake.

Jumamosi Anti Lois alirudi. Alikuwa ameyafuatilia mazishi kwa simu. Aliwaeleza kwamba ubeti wa pili ulipofika, shangazi yake mzee, ambaye macho yake hayaoni vizuri, aligeuka huku na huku kwenye kiti akauliza, "Lois amefika saa ngapi? Mbona hamkuniambia?" Ikabidi wamshike mkono na kumwonyesha spika.

Mama yake Chepkemoi alifuta machozi kwa kanga. Chepkemoi aliomba msamaha, na Anti Lois akamketisha karibu naye.

"Sikuumia kwa sababu uliniondoa," alisema. "Kuimba, niliimba vibaya, najua. Ungeniambia tungepata njia. Niliumia kwa sababu uliniacha nijitafute mahali ambapo ulijua simo. Kazi ikikushinda, mwanangu, sema imekushinda. Usimfanye mtu ayatilie shaka masikio yake."

"Ndiyo, Anti," Chepkemoi alijibu, safari hii moja kwa moja kwa Kiswahili.