Msoma Umbali

Kila asubuhi Clémence Gingras alikula mkate wa kuchoma na siagi ya karanga, akafanya ishara ya msalaba, kisha akafuatana na mama yake juu ya theluji hadi njia panda. Hapo mama alishika njia ya kazini, kwenye chumba ambamo watu wa Saint-Hubert, mji wa Kanada, huongoza ule mkono mrefu wa chuma ulioko kwenye kituo cha angani, unaodaka vyombo vya mizigo vinavyowapelekea wanaanga chakula. Clémence alikwenda shule.

Shuleni nako kulikuwa na mkono. Mwalimu Bérubé, aliyestaafu kutoka kazi hiyo hiyo, aliutengeneza pamoja na watoto. Pipa jepesi, badala ya chombo cha mizigo, lilining'inia kwenye dari ya ukumbi, likiyumba polepole. Anselme, mwanafunzi mwenzake Clémence, aliuendesha mkono akiwa nyuma ya pazia, asione ila kijipicha cha kamera. Clémence alisimama karibu na pipa, akisoma utepe wa kupimia na kumtajia umbali uliobaki.

Jumatano, Clémence aligeuka kucheka na rafiki yake. Alipotazama tena, hakujua mkono umefika wapi.

"Arobaini," alibuni.

Zilikuwa sentimita kumi na tano tu. Mkono ulilipiga pipa, na kidole chake kimoja kikapasuka.

"Anselme, una mikono ya dubu wewe," wenzake walimcheka.

Mwalimu aliwaketisha duara, kama walivyozoea kazini kwake zamani. Kila mtu huanza na kosa lake mwenyewe, na anayelisema haadhibiwi.

"Mimi sina la kusema," alisema Clémence.

"Labda nilisukuma kwa nguvu," Anselme alinong'ona. "Jumamosi wazazi watakuja. Aendeshe mwingine, nisije nikauvunja wote."

Jioni hiyo Clémence aliikoroga tu supu yake ya njegere.

"Supu inapoa, mwanangu. Una nini?" mama aliuliza.

"Kazini kwenu mtu akisoma namba vibaya, anafukuzwa?"

"Akisema, tunasimamisha mkono, chombo kinarudi nyuma, tunaanza upya. Mwezi jana nilikosea mimi, nikasema. Anayenyamaza ndiye tunayemwogopa."

"Hukuona haya?"

"Niliona sana. Lakini haya haijaua mtu. Maliza supu."

Kesho yake, kwenye duara, Clémence alisimama wa kwanza.

"Jana Anselme hakukosea. Mimi sikuwa naangalia. Nilibuni namba."

Anselme alimkodolea macho. "Kumbe nimeitwa dubu bure?"

"Nisamehe."

"Nitakusamehe ukikigundisha kile kidole mwenyewe. Na gundi yenyewe inanuka, nakwambia."

Alikigundisha, Anselme akikishikilia hadi kikakauka. Mwalimu alipouliza Jumamosi nani asome umbali, Clémence aliinamisha kichwa.

"Huyu huyu," alisema Anselme. "Mimi nitaendesha kama atasoma yeye. Sasa najua atasema."

Jumamosi ukumbi ulijaa wazazi. "Thelathini," Clémence alisoma. "Ishirini." Mara mtu aliyechelewa akafungua mlango, upepo ukaingia, pipa likayumba na kuufunika utepe. Namba ilimjia mdomoni, kumi na mbili, au labda kumi. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Simama, Anselme. Sioni. Rudi nyuma."

Minong'ono ikapita ukumbini. "Wameshindwa hawa," mvulana mmoja alisema. Mkono ulirudi nyuma taratibu. Wakangoja pipa litulie, wakaanza tena.

"Ishirini. Kumi. Tano. Daka."

Vidole vikafumba, vikalishika pipa bila kulitikisa. Makofi yakalia, na Anselme akachungulia kutoka nyuma ya pazia akitabasamu.

Mwalimu Bérubé aliwashika wote wawili mabega.

"Wanangu," alisema, "mwendeshaji hana macho ila ya mwenzake. Anayesema 'sioni' hajashindwa kazi, ameifanya. Anayebuni ameiacha kazi, hata kama amepatia."