Mke Aliyeandikwa Dada

Kwenye karatasi za serikali, Lemayian Lukumay alikuwa anaishi na dada yake kama mke.

Si maneno ya majirani. Binti wa baba yake mdogo, damu moja, ukoo mmoja, imeandikwa na kupigwa mhuri. Na aliyeandikisha ni yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma, akijua kabisa kuwa ni uongo.

Jambo lilifumuka Jumapili asubuhi, kanisani. Lemayian na Nashipae walikuwa wameoana kimila kwao Nashipae, Kajiado, upande wa Kenya. Ng'ombe saba walihesabiwa mbele ya baba yake. Sasa Nashipae alikuwa na mimba ya miezi saba na alitaka ndoa ibarikiwe kabla mtoto hajaja. Kanisa likaomba nakala za vitambulisho. Matangazo ya kwanza yalipita salama kwa sababu spika ilikuwa inakoroma. Jumapili ya pili spika ilikuwa nzima.

"Lemayian wa Paulo Lukumay," alisoma mzee wa kanisa, "anatarajia kubariki ndoa na Nashipae wa Yiamat Lukumay. Mwenye pingamizi..."

"Ninalo."

Aliyesimama ni Mama Penina, mkunga wa zamani, anayejulikana Sombetini nzima, hapa Arusha, kwa kutomung'unya maneno.

"Rudia jina la baba wa binti."

"Yiamat Lukumay."

"Yiamat wa Oldonyo Sambu? Mdogo wake Paulo?"

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa kwenye kitambulisho."

"Na mimi nasema nilichokiona. Nimekaa jirani na Yiamat miaka thelathini kabla sijahamia huku. Watoto wake wote wanne nimewapokea kwa mikono hii, na wote ni wavulana. Huyu kamzaa lini, mimi nikiwa wapi? Na kama ni wake kweli, huyu kijana anafanya nini naye nyumba moja?"

Watu walicheka. Halafu wakaelewa, wakageuka kumtazama Lemayian.

Nashipae alimgeukia mumewe.

"Yiamat ni nani kwangu?"

"Twende nyumbani."

"Nimekuuliza hapa."

Lemayian alimshika mkono. Nashipae akautoa mkono wake taratibu, akatoka peke yake katikati ya mabenchi, tumbo mbele, bila kumtazama mtu.

Lemayian alimkuta nyumbani amekaa juu ya ndoo, nje, pale anapochomelea mageti na madirisha. Kitambulisho alikuwa amekishika mkononi.

"Uliniambia Yiamat ni mdhamini."

"Ni mdhamini."

"Mdhamini anaandikwa kwenye mstari wa baba mzazi?"

Lemayian aliokota kipande cha chuma, akakirudisha chini.

"Siku ile nilikuuliza mbona jina langu limegeuka. Ukasema huku kwenu mke anachukua ukoo wa mume na jina la mzee anayemsimamia. Ukaniambia nisaini, watu wako kwenye foleni. Nikasaini. Mimi nimemaliza fomu foo, Lemayian, nikakuamini wewe wa darasa la saba kuhusu karatasi."

"Njia ya halali ilikuwa ndefu. Cheti cha ndoa hatuna. Fomu, barua, nenda rudi. Nikaogopa watakukataa, watakurudisha kwenu. Na wewe unaongea Kimasai kama sisi, nani angejua?"

"Kwa hiyo ulinisaidia."

"Nilitaka ukae."

"Ningekaa. Ungeniambia tungoje mwaka mzima, ningengoja. Baba yangu anaitwa nani?"

"Nashipae..."

"Anaitwa nani?"

"Sankale."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi umemnyang'anya mzee aliye hai binti yake, ukampa mtu mwingine. Na wale ng'ombe ulimpelekea nani? Si ungewapeleka kwa baba yako mdogo, ni hapo tu, hata lori usingekodi."

Simu ya Lemayian iliita. Ilikuwa ya Lemomo, kaka yake Nashipae. Habari ilikuwa imeshavuka mpaka wa Namanga kabla chakula cha mchana hakijaiva.

"Shemeji Lemomo, habari za huko?"

"Za huku ni zako. Mzee ameuliza swali moja tu. Ameuliza kama yeye amekufa."

"Hapana, shemeji. Mwambie..."

"Mimi simwambii kitu. Mpe dada yangu simu. Ama siku hizi nimwite dada yako?"

Nashipae aliongea na kaka yake kwa dakika chache, kwa sauti ya chini, kisha akaingia ndani. Lemayian alibaki nje akizungukazunguka geti la mteja lililokuwa limelala chini, nusu yake imepakwa rangi. Jua lilipoanza kupoa aliingia na kile alichokiona kuwa ni wokovu.

"Nimepata njia. Tutasema ulilelewa na baba mdogo tangu utotoni. Mtoto wa kulea, siyo wa kuzaa. Mchungaji ataelewa."

Nashipae alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hakuinua macho.

"Kwa karatasi zako, huyu aliye tumboni wewe ni baba yake na ni mjomba wake. Sasa unataka kuongeza nini tena?"

"Nataka tuokoke."

"Ukisema uongo wa pili, kesho napanda gari."

"Unataka nifanye nini?"

"Nenda Uhamiaji. Sema kwa mdomo wako. Unirudishie baba yangu. Nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa mimi."

"Watanifunga."

"Inawezekana."

Hakulisema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuuma Lemayian zaidi, kwamba mke wake alikuwa amelifikiria, akalipima, na bado akalisema.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwanza Oldonyo Sambu. Mzee Yiamat alikuwa zizini akimkagua ndama kwato.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nimesikia nina binti."

Lemayian alivua kofia.

"Uliniambia niweke dole gumba," mzee aliendelea, "ni kumdhamini mke wako asisumbuliwe. Mimi sisomi. Wewe unasoma."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Uliposoma pale juu ya dole langu, uliona nini?"

"Niliona 'baba mzazi'."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mzee alimwachia ndama. Baba yake Lemayian alipofariki, huyu ndiye aliyemlipia kujifunza kuchomelea. Watu wa ukoo walipogombana juu ya mahari, ni yeye aliyeitwa kusema nani alitoa nini, kwa sababu neno lake halikuwahi kupingwa.

"Nenda kaseme," alisema. "Na mimi nitakuja. Dole ni langu."

"Baba mdogo, nitasema ni mimi peke yangu."

"Utasema ukweli. Hayo mengine si juu yako."

Afisa aliyempokea Uhamiaji alikuwa mwanamke wa makamo, Aikande, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba.

"Umekuja kushtaki?"

"Nimekuja kushtakiwa, afande."

Afisa aliweka kalamu chini. Lemayian akasimulia yote, akaweka kitambulisho cha Nashipae mezani. Afisa alikitazama mbele na nyuma.

"Ungekuja hapa siku ile ukasema nimeoa Mkenya, nataka kumwombea mke wangu kibali cha kuishi, tungekuelekeza namna ya kupata cheti, tungekupa fomu. Wewe mume ndiye unayemwombea. Kwa nini hukuja?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani hapa?"

"Niliogopa fomu."

Afisa hakucheka.

"Mke wako alijua anaandikwa nini?"

Hapo Lemayian alijua kwamba neno moja tu lingegawa mzigo. Angesema alijua, au alishuku, wangesimama wawili.

"Hakujua. Alisaini kwa kuniamini."

"Na mzee?"

"Aliweka dole kwa kuniamini."

"Kwa hiyo hao wawili kosa lao ni moja."

"Lipi, afande?"

"Hilo ulilolitaja."

Nashipae aliambiwa aondoke nchini ndani ya siku saba, na akitaka kurudi aombewe upya kwa jina lake halisi. Lemayian na mzee Yiamat walifunguliwa kesi, wakapewa dhamana kwa sharti la kutotoka nchini mpaka iishe. Hivyo Lemayian aliweza kumsindikiza mke wake mpaka Namanga, lakini si hatua moja zaidi. Lemomo alikuwa anasubiri ng'ambo na gari. Hakuvuka kuja kusalimia.

"Utanisubiri?" Lemayian aliuliza.

"Nitakusubiri."

"Asante."

"Usishukuru. Sijasema nimekusamehe. Nimesema nitakusubiri."

Wiki saba baadaye, Lemayian akiwa juu ya ngazi akifunga dirisha la nyumba ya mtu huko Njiro, ujumbe uliingia:

"Ni msichana. Kilo tatu na robo. Sote wazima. Ana pua yako. Baba yangu amempa jina la mama yake mwenyewe."

Alishuka kwenye ngazi. Aliandika "Asante Mungu", akafuta, akaandika "Nisamehe", akafuta hilo pia. Mwishowe alituma la kwanza.

Mahakamani alikiri kosa kabla hajamaliza kusomewa. Mzee Yiamat naye alikiri, amesimama wima na shuka lake, akajibu kwa Kimasai, karani akatafsiri: "Dole ni langu." Kila mmoja alipigwa faini au kifungo cha miezi minne. Lemayian alikuwa na kitu kimoja cha kuuza, mashine yake ya kuchomelea, na bei yake ilitosha faini moja. Alilipa ya mzee.

Alipotoka gerezani alikwenda moja kwa moja Kajiado. Mzee Sankale alimwacha asimame uani mpaka wazee waliokaribishwa wakatimia.

"Watu hawa hawanijui," alisema mkwe. "Waambie mimi ni nani."

"Wewe ni Sankale, baba mzazi wa Nashipae."

"Sema tena. Huyu mzee wa mwisho hasikii vizuri."

Alisema tena. Walimtoza ng'ombe wawili kwa kosa hilo. Ndoa ikabarikiwa katika kanisa la kwao, mbele ya baba halisi, na cheti kikatoka. Jioni, wageni walipotawanyika, Nashipae alikaa karibu naye kwenye benchi.

"Sasa nimekusamehe," alisema. "Nilikuwa nangoja nikusikie ukimtaja bila kulazimishwa. Umelazimishwa, lakini ile mara ya pili ulitaja kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka."

Lemayian alirudi Arusha, akachukua fomu, akaijaza mwenyewe kwa siku nne, akiulizia kila neno asilolijua. Kibali kilipotoka, Nashipae alivuka Namanga mchana, mtoto mgongoni, kwa jina lake halisi.

Ilichukua mwaka mmoja na wiki tatu tangu Jumapili ile. Miezi minne ya hiyo ilikuwa ya gerezani. Mashine ilikwenda, na sasa anachomelea kwa kibarua kwenye karakana ya mtu. Ng'ombe wawili walikwenda, juu ya wale saba. Hakuwepo mtoto alipozaliwa, wala alipokaa, wala alipotambaa, na neno lake la kwanza lilikuwa la kumwita mjomba Lemomo. Alipoletwa nyumbani alilia kila baba yake alipomshika, kama anavyolia akishikwa na mgeni, kwa siku tisa.

Na baba mdogo. Vikao vya mahari vya ukoo vinaendelea, ila mzee Yiamat haitwi tena kusema nani alitoa nini. Hakuna aliyemkataza. Hawamwiti tu. Kila mwezi Lemayian hupanda Oldonyo Sambu kumsalimia, na kila mwezi mzee hujibu "marahaba", kisha hasemi neno la pili.